Ghorofa haifichiki: kwa nini nyumba za kupanga hazitoshi Mwanza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nimepanga Nyakato. Marehemu baba alituachia mimi na kaka zangu wawili kiwanja kilichopimwa huko Buswelu, mita za mraba 940, hati ni ya mwaka 2003. Kwenye kona ya nyuma kuna jiwe kubwa ambalo mzee alishindwa kulipasua, tumeliacha. Tumekubaliana tujenge jengo la ghorofa mbili lenye nyumba sita za kupangisha. Ramani tumechorewa (nimekutumia), tumeipeleka halmashauri, na sasa ni mwezi wa nane tunangoja kibali. Mara faili halijafika kwenye kikao, mara kiwanja ni cha familia moja tuanze kubadili matumizi. Fundi anasema tuachane na hayo, tujenge vyumba kumi vya chini kimya kimya, mengine tutamalizana na mtaa. Wakati huohuo mimi mwenyewe nalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mwenye nyumba kapandisha tena. Ardhi ipo, wenye nia ya kujenga tupo, mbona nyumba hazitoshi? Ni kweli sheria za mipangomiji na hivi vibali ndivyo vinavyobana, au ni visingizio tu? Na fundi nimsikilize?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na fundi, maana najua ndiye anayekupigia simu kila jioni. Usimsikilize. Lakini usimdharau pia, kwa sababu ndani ya ushauri wake kuna jambo kuhusu mji huu ambalo sisi wenye vyeti huwa tunalizungukazunguka: nyumba ya chini hufichika, ghorofa haifichiki.

Mtazame anavyofanya kazi. Tofali zinashushwa Ijumaa jioni. Jumamosi alfajiri vijana wanne wako kwenye msingi, Jumapili magharibi kuta zimefika usawa wa dirisha. Jumatatu afisa akipita na pikipiki anakuta kitu kimekaa kana kwamba kilikuwepo tangu zamani. Akirudi mwezi unaofuata na kopo la rangi nyekundu ili aweke X, mabati yameshapigwa na mpangaji wa kwanza anakaanga dagaa mlangoni. Nani atabomoa hapo? Sasa jaribu mchezo huo na jengo lako. Nondo za nguzo zinachungulia hadi barabara kuu, mirunda inasimama miezi, mashine ya zege inaunguruma mchana kutwa. Afisa atakuwa amefika kabla slabu ya kwanza haijakauka, na ukisimamishwa hapo umesimamishwa na pesa zako zote zikiwa zimeganda ndani ya zege.

Kwa hiyo swali la kama sheria zinazuia nyumba lina jibu la ajabu kidogo. Mwanza nyumba hazizuiliki. Zinajengwa kila siku. Simama Mabatini uangalie juu uone zilivyojishikiza kwenye miamba. Kinachozuiliwa ni nyumba ya aina moja, ile inayoweka familia sita mahali pa familia moja, yenye choo kinachoeleweka na ngazi isiyoyumba. Kibali kinachochelewa ni ushuru unaotozwa wasioweza kujificha, wengine wanapita bure. Mji ukiendeshwa hivyo kwa miaka thelathini unapata tulichonacho: vyumba vingi vya uani na apatimenti chache za bei ya kukimbiza watu, na katikati yake karibu hakuna kitu. Wewe muuguzi mwenye mshahara wa kati unatafuta nyumba ambayo mfumo wenyewe haujengi.

Ukubwa wa pengo unaonekana kwenye sensa. Mwaka 2012 Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazobeba mji wa Mwanza, kwa pamoja zilikuwa na watu 706,000 hivi. Mwaka 2022 wakahesabiwa zaidi ya milioni 1.1. Ongezeko ni karibu watu 400,000 kwa miaka kumi. Ukiwagawa kwa kaya za watu wanne na ushee, ni kaya zaidi ya 9,000 kila mwaka, yaani kama 25 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Umelala, umeamka, milango mingine 25 inatafutwa. Nimefanya kazi halmashauri na nimefanya kazi nje ya halmashauri, na sijawahi kuona dawati la vibali lenye uwezo wa kwenda na mwendo huo. Wengi wa hao 25 wanaishia kwa fundi wako.

Tuje kwenye mita zako 940. Hizo si namba za bahati nasibu. Viwango vya mipangomiji vya mwaka 1997 viligawa viwanja vya makazi mafungu matatu ya ujazo, yaani wingi wa nyumba katika eneo: ujazo mkubwa, mita za mraba 400 hadi 800, ujazo wa kati, 801 hadi 1,600, ujazo mdogo, 1,601 hadi 4,000. Baadaye viwango vilishushwa, lakini hati ya mzee ni ya 2003, na mchoro wa mipangomiji uliokizaa kiwanja ndio unaokitawala hadi leo. Mchoro huo unasema ujazo wa kati, nyumba moja, familia moja. Aliyeuchora hakuwa mbaya. Alikuwa anachora Buswelu ya mashamba ya mihogo, na ninyi mnataka kujenga kwenye Buswelu ya makao makuu ya manispaa.

Mafungu yenyewe yana historia isiyopendeza. Miji ya kikoloni ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Majina yalipofutwa kwenye ramani, ukubwa wa viwanja ulibaki palepale, ukavishwa lugha ya ujazo. Sheria ya mipangomiji ya mwaka 1956 tuliendelea kuitumia hadi ilipokuja Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Hesabu mwenyewe miaka. Ukitaka kuona urithi huo bila kufungua kitabu, anza kutembea Capri Point, kwenye bustani na kuta ndefu, umalizie Igogo, ambako mtu akifungua dirisha lake anagonga la jirani. Watu wote hao wanatazama ziwa lilelile.

Na ukubwa wa kiwanja si suala la urembo. Chukua hekta moja, mita za mraba 10,000. Toa asilimia 35 kwa barabara, shule na maeneo ya wazi, zinabaki 6,500. Ukikata viwanja vya mita 1,600 unapata vinne. Vya 800, vinane. Vya 400, kumi na sita. Vya 200, thelathini na viwili. Bomba la maji ni lilelile, nguzo za umeme ni zilezile, greda inapita njia ileile. Kinachobadilika ni idadi ya watu wa kuchangia. Ndiyo maana kiwanja kilichopimwa kina bei ya kuogopesha, ndiyo maana pia maji yanachelewa kukifikia.

Wenzetu walikwama kwenye tope hilohilo kwa namna yao. Katika miji mingi ya Marekani sehemu kubwa ya ardhi ya makazi ilitengwa kwa nyumba moja ya familia moja, na kwa kuwa kule huwezi kujenga usiku ukaamkia kwenye mabati, katazo lilishika kweli: nyumba zikapungua, bei zikapaa. Houston mwaka 1998 walifanya jambo dogo sana. Kiwango cha chini cha kiwanja ndani ya barabara yao ya mzunguko kilikuwa kama mita za mraba 465. Wakakishusha hadi 130 hivi. Hawakujenga hata nyumba moja ya serikali kwa uamuzi huo. Wenye viwanja wenyewe walianza kubomoa nyumba moja kuukuu na kusimamisha tatu au nne nyembamba zinazoshikana mabega, kwa maelfu. Auckland, New Zealand, mwaka 2016 waliruhusu majengo ya familia nyingi kwenye takribani robo tatu ya ardhi yao ya makazi, na vibali vya nyumba vikapanda hadi kiwango ambacho jiji hilo halikuwa limewahi kuona.

Najua utasema Mwanza si Houston, na ni kweli, tena tofauti yenyewe ndiyo inayonishughulisha. Kule kanuni ikilegezwa, nyumba zilizokuwa hazipo zinatokea. Hapa kwetu ikilegezwa, vyumba vilivyokuwa vijengwe kwa wizi vinageuka kuwa ghorofa ya halali. Pengine tunahitaji mabadiliko hayo kuliko wao, maana wao walikuwa wanapoteza nyumba, sisi tunapoteza nyumba na mji.

Sasa kibali chenyewe. Watu hulaumu dawati la mwisho kwa sababu ndilo wanaloliona. Kabla yake kuna mnyororo: mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji mzima (wa Mwanza unakwenda 2015 hadi 2035), kisha mchoro wa eneo, kisha fidia kwa wenye mashamba, kisha upimaji na bikoni, kisha hati, ndipo kibali. Kiungo kinachokatika kila mara ni fidia. Halmashauri haina fedha za kuwalipa wakulima, hivyo haipimi; isipopima, mkulima anamuuzia dalali, dalali anakata vipande kwa hatua za miguu, na mpangamiji akija miaka mitano baadaye anapanga vichochoro ambavyo vimeshajipanga. Tunaita urasimishaji. Ni kazi ya maana, nimeifanya, lakini ni sawa na kushona nguo mtu akiwa ameivaa. Mji nao haungoji: umesharuka mpaka, umeingia Kisesa ambayo ni Magu na Usagara ambayo ni Misungwi, ambako macho ya afisa wa jiji hayafiki na muuguzi anapanda daladala mbili kwenda zamu ya usiku.

Dawati la mwisho nalo lina mambo yake. Niliwahi kumsaidia mama mmoja wa Kanda hii ya Ziwa, halmashauri siitaji, kuomba kibali cha jengo dogo kuliko lako. Mara ya kwanza faili lilirudi kwa sababu risiti ya kodi ya pango la ardhi ilikuwa ya mwaka uliopita. Sawa, kosa letu. Mara ya pili lilirudi kwa sababu mchoraji aliandika Kitalu B badala ya Kitalu BB. Herufi moja, wiki saba. Mara ya tatu kila kitu kilikuwa sawa, ila afisa afya alikuwa safari na kaimu wake hana mhuri. Kilichoniumiza ni kwamba makosa yale mawili ya kwanza yangeonekana siku ya kwanza kwa yeyote ambaye angefungua faili lote. Lilisomwa meza moja moja: mpangamiji, mpima, afisa ardhi, mhandisi, afisa afya, zimamoto, kila mmoja akisimama kwenye kosa lake la kwanza. Kupeleka maombi kwa mtandao kumepunguza safari za miguu, na hilo si dogo kwa mtu anayetoka Sangabuye. Lakini faili linalosomwa meza moja moja kwenye karatasi litasomwa hivyohivyo kwenye kompyuta.

Weka bei kwenye miezi yako minane. Tuseme kila nyumba kati ya sita itapangishwa 250,000 kwa mwezi. Ni makadirio yangu tu, wewe weka yako. Ni milioni 1.5 kwa mwezi, milioni 12 kwa miezi minane, na hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Kama ungekuwa na mkopo wa benki ungeongeza riba. Pesa hiyo haipotei hewani. Ama utaipandisha kwenye kodi ya wapangaji wako, ama utaghairi kujenga, na ukighairi mwenye nyumba wako wa Nyakato ataendelea kukupandishia bila wasiwasi. Hapo ndipo faili lako na kodi yako vinakutana.

Kichekesho, ingawa hakichekeshi, ni masharti ya hati yako. Yasome ukurasa wa ndani. Hati zetu za kawaida zinakutaka upeleke michoro ndani ya miezi sita, uanze kujenga ndani ya miezi sita baada ya kuidhinishwa, na umalize ndani ya miezi 36. Serikali imempa mwananchi saa ya kukimbizana nayo, yenyewe ikabaki bila saa.

Lakini sitaki uondoke ukidhani kanuni zote ni ubishi. Mwaka 2013 ghorofa liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Novemba 2024 jengo likaanguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Hapa Mwanza kuna la miamba: jiwe lililokaa miaka elfu halina shida na mtu hadi mtu alichimbe chini kutafuta usawa wa msingi. Kuna choo cha juu kinachomiminikia kisima cha chini, na mwisho wa yote ni ziwa, ambalo ndilo tunalolinywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni; waliokuwa wanaicheka waliacha kucheka ziwa lilipopanda mwaka 2020 na tena 2024 likaingia sebuleni.

Ila tazama kinachookoa watu katika hayo yote. Anayeokoa ni mhandisi kuja kuangalia shimo la msingi, kuja tena nondo zikiwa zimefungwa, kuja tena siku ya kumwaga zege. Afisa aliyekaa na faili miezi minane halafu asionekane siku ya zege hajamlinda mtu yeyote. Ningekuwa na mamlaka ningehamisha zile siku kutoka mezani kwenda kwenye mashimo ya msingi: jengo dogo lenye ramani ya kawaida lipite kwa siku chache, afisa awe na deni la kufika kiwanjani mara tatu. Na kwenye barabara zenye maji na daladala, kama Buswelu yako, ghorofa mbili ziruhusiwe moja kwa moja bila mtu kuomba kubadili matumizi. Kuishi si matumizi mapya, hata wakiishi sita.

Hadi hapo patakapofika, fanya hivi. Hukuniandikia hati ina jina la nani, na kimya hicho kimenishtua. Kama bado ina jina la marehemu, hapo ndipo faili lako lilipolala, hata kama hakuna aliyekwambia kwa uwazi. Marehemu haombi kibali. Nendeni mahakamani mmoja wenu ateuliwe msimamizi wa mirathi, kisha uhamisho usajiliwe ofisi ya msajili wa hati. Siku hizi hayo yanamalizikia hapahapa mkoani. Lipeni pango la ardhi lote, la mwaka huu likiwemo.

Maombi ya kubadili matumizi yapelekeni sasa, msingoje kwanza kibali kikataliwe rasmi. Andikeni wazi: kutoka makazi ya familia moja kwenda makazi ya familia nyingi. Ombeni sababu za kila kukwama kwa maandishi, kwa heshima, na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi. Barua yenye tarehe inasogeza faili kuliko simu kumi. Akitokea mtu wa kukwambia kuna njia ya mkato na bei yake, jua unanunua X ya baadaye.

Kaka zako wasije wakashawishika kukigawa kiwanja mara tatu ili kila mtu awe na chake. Mita 313 kila mmoja, ukitoa nafasi za wazi zinazotakiwa kuachwa kati ya jengo na mpaka pande zote, mtabaki na vibanda vitatu na ugomvi wa njia. Jengeni moja, halafu mtumie Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, Na. 16 ya 2008: kila mmoja anapata hati ya nyumba zake mbili juu ya ardhi ileile, anaweza kuuza au kukopea bila kuwagusa wengine. Kama fedha hazitoshi, ombeni kibali cha jengo zima na mjenge kwa awamu. Msiombe cha ghorofa moja mkaja kuongeza kimyakimya. Majengo mengi yanayoanguka yalianzia hapo.

Fundi wako mpe kazi ya jengo halali, ila nguzo na slabu zisimamiwe na mhandisi aliyesajiliwa, jina lake likae kwenye ubao pale mbele. Ataona umemdharau siku mbili tatu, atazoea.

Jambo la mwisho ni ramani uliyonitumia. Ngazi imechorwa kona ya nyuma kushoto, na shimo la maji taka mita mbili kutoka hapo. Kwenye picha zako jiwe la mzee liko kona hiyohiyo, na kwenye ramani halipo kabisa, pameachwa peupe. Muulize mchoraji kama aliwahi kufika Buswelu. Kama hakufika, achore upya kabla hamjagusa faili, kwa sababu mhandisi wa halmashauri siku akifika kiwanjani ataliona jiwe hata kabla hajashuka kwenye pikipiki.